Fundi Bomba wa Ghorofa ya Tatu

Wapo waliopata nyumba kwa kujuana, wapo waliopata kwa kuwahi, na wapo waliopata kwa dua za mama zao. Mapafu alipata nyumba kwa sababu ya bomba linalodondosha maji.

Siku hiyo yeye na mkewe, Mama Kijiko, walikuwa wa mwisho kwenye foleni ya kuangalia nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, katika mji mdogo ulioegemea jiji kama mtoto aliyeegemea goti la mama. Mbele yao walikuwepo karani wa benki aliyevaa tai, mwalimu na mumewe, na bwana mmoja mnene aliyekuwa akipapasa mfuko wake wa shati kila baada ya muda, watu wajue kwamba kodi yote anayo humo. Dalali alitazama viatu vya Mapafu, akatazama vya mkewe, kisha akawaambia wasogee nyuma kidogo wasizibe mlango.

Mwenye nyumba alikuwa refa mstaafu, na Refa ndilo jina alilokuwa akiitwa na kila mtu. Miaka thelathini alisimama katikati ya uwanja akitukanwa, yeye, macho yake na mama yake mzazi. Alipostaafu akajenga jengo la wapangaji sita kwa shabaha moja, nayo ni kukaa kimya. Mpangaji akikosea, Refa hakugombana naye. Alipanda ngazi taratibu akabandika kadi ya njano mlangoni, kila apitaye aione. Kadi ya pili ilimaanisha utafute gari la kubeba vyombo. Na watu wa muziki hakuwapokea kabisa, tangu yule mpiga ngoma wa chini ambaye kisa chake hakisimuliwi mbele ya watoto.

Sasa Mapafu alikuwa nani? Alikuwa tarumbeta la kwanza katika bendi ya harusi na mahafali. Wenzake wanasema siku moja alishika sauti moja tangu gari la kwanza la msafara lilipopita mpaka la mwisho, na magari yalikuwa kumi na saba. Mimi nilisikia yalikuwa kumi na manne, lakini simkatalii mtu raha yake.

"Kazi yako nini, bwana mdogo?" Refa aliuliza.

Mapafu akafungua kinywa aseme kweli, maana uongo hakuujua, kama vile watu wengine wasivyojua kuogelea. Lakini nyuma ya Refa, jikoni, bomba lilikuwa likidondosha maji ndani ya kopo, na kila tone lilipoanguka, jicho la mzee lilicheza. Mama Kijiko aliliona lile jicho. Yeye alikuwa msusi, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko vidole vyake.

"Fundi bomba," akasema.

Yule bwana mnene akaacha kupapasa mfuko. Refa alimtazama Mapafu kuanzia utosini mpaka miguuni, na safari hii viatu havikuwa na neno. Karani na tai yake wakaambiwa asante kwa kuja. Mwalimu akaambiwa atapigiwa simu. Fundi bomba akapewa ufunguo, na kodi ikakatwa theluthi, kwa makubaliano kwamba mabomba ya jengo zima yatakuwa juu yake.

Walipofika barabarani Mapafu alisimama akashika kiuno. "Mama Kijiko, umenipa kazi gani?"

"Nimekupa nyumba," mkewe akamjibu. "Kazi utaitafuta mwenyewe."

---

Mungu ana utani wake. Alimpa baba mapafu ya kuamsha mtaa, akampa mtoto wake wa pekee kifua cha kifaranga. Mtoto alikuwa mwembamba mpaka wakamwita Kijiko, na alikuwa na pumu. Jijini walikaa chumba kimoja nyuma ya gereji ya mabasi, ukuta unatoa jasho, moshi unaingia bila hodi, na kila mwezi walikuwa wakimkimbiza hospitali midomo imebadilika rangi. Daktari aliwaambia dawa zipo, lakini dawa ya kwanza ni kuhama. Alisema hivyo akiwa anaandika, bila kuinua kichwa, kana kwamba kuhama ni kitu kinachouzwa duka la dawa.

Ghorofa ya tatu kwa Refa ilikuwa na dirisha kubwa kila chumba, na upepo ulipita humo bila kukanyaga uchafu wa mtu. Wiki ya kwanza Kijiko alilala mpaka asubuhi. Wazazi wake ndio hawakulala, kwa kuwa hawakuzoea kimya kile, wakawa wanaamka kwa zamu kwenda kumsikiliza kama anapumua.

Kwa hiyo Mapafu akajifunza mabomba. Shemeji yake, kaka wa Mama Kijiko, alikuwa fundi wa kweli, na kila Jumapili alimfundisha huku akicheka mpaka anakaa chini. Alimfundisha koki na kiungo, boya la tangi, uzi wa kufungia, na namna ya kugonga bomba kabla ya kusema chochote, ili mteja aone unafikiri. Mapafu alishika haraka kuliko alivyotegemewa. Mtu anayeishi na tarumbeta, shemeji alisema, hawezi kuwa mgeni wa chuma chenye tundu. Yale ambayo hakuyajua aliyafunga kwa mpira wa baiskeli, akaomba Mungu.

Maisha ya uongo yana gharama zake. Tarumbeta lilihamia ndani ya mfuko wa vifaa, chini ya spana. Jumamosi fundi bomba alitoka nyumbani na suruali iliyopigwa pasi na viatu vya kung'aa, akarudi jioni midomo imevimba, na wapangaji wakahitimisha kwamba jijini kuna mabomba ya watu wakubwa. Mazoezi aliyafanya kabatini, kichwa kikiwa katikati ya makoti na blanketi limefunika tarumbeta. Siku moja sauti ilichomoka, Refa akaja kugonga. Mama Kijiko alimwambia ni hewa imeingia kwenye mabomba. Refa akaagiza hewa itolewe kabla ya jioni, na mwanamume mzima akashinda kutwa akizunguka na spana jengo zima, akitoa hewa ambayo alikuwa ameipuliza mwenyewe.

Kadi ya njano haikuja kwa tarumbeta. Ilikuja kwa Kijiko. Alasiri moja alipanda ngazi mbio, toka chini mpaka juu, huku akicheka kwa sauti. Huyu ni mtoto ambaye jijini alibebwa kuvuka kizingiti. Refa alifungua mlango wake, akamtazama, akafunga. Baadaye kadi ikawa mlangoni. Majirani walipita wakiinamisha macho kwa huruma. Mama Kijiko, naye, alisimama mbele ya kadi ile kwa muda mrefu, mkono shavuni.

"Watu wanafikiri tumeaibika," alimwambia mumewe. "Mwanangu amepewa kadi kwa kukimbia."

Lakini walijua maana yake. Iliyobaki ilikuwa moja.

---

Refa alikuwa na binti wa mwisho, aliyemlea peke yake baada ya mkewe kufariki. Binti huyo ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kucheka kwa sauti katika jengo lile. Alipochumbiwa, baba alikubali kila kitu bila kubishana, mpaka pale binti aliposema kwamba ataondoka nyumbani kwa tarumbeta. Wakakaa siku kadhaa hawaelewani. Mwishowe Refa alishindwa, kama wanavyoshindwa baba wote wenye binti mmoja ndani, akaenda jijini mwenyewe kutafuta bendi.

Jumatatu alimwita fundi bomba. Akamwambia wageni ni wengi, maji yatatumika kama mtoni, kwa hiyo Jumamosi asitoke. Akae juu ya paa karibu na tangi kutwa nzima. Halafu akaongeza kwamba ghorofa ya tatu itatumiwa na mashangazi wa bibi harusi kuvalia, kwa kuwa ndiyo yenye mwanga. Hakuuliza. Mapafu alisema hakuna shida, mzee.

Jumatano kiongozi wa bendi, waliyemwita Kapteni, akawatangazia kazi ya Jumamosi. Akataja mji, akataja mtaa, akaeleza jengo. Mapafu alikaa juu ya boksi la ngoma kubwa.

Nyumbani alimwambia mkewe kwamba ataenda kwa Refa akamweleze yote, na liwalo na liwe.

"Liwalo litakuwa hapa," Mama Kijiko alisema, akaonyesha kwa kidevu kitanda alicholala mtoto. "Ukiungama leo, tunatoka leo. Halafu nitampeleka wapi kupumua?"

Wakapanga kama wezi. Kapteni ataambiwa Mapafu anaumwa jino, atafute mtu wa kuazima. Mapafu atakaa juu ya paa na tangi lake, harusi itapita chini yake, na jua litazama kama siku nyingine. Kapteni alisikia habari ya jino, akatikisa kichwa, maana alikuwa mtu mzima na alijua jino linalouma na jino linalodanganya. Akaenda kumuazima mzee mmoja wa bendi ya zamani, hodari kweli katika siku zake. Lakini siku zake alikuwa na meno ya mbele.

---

Jumamosi ikaja imevaa jua. Kiapo kilikuwa kimeshapita asubuhi, na alasiri watu walijaa uani chini ya turubai kumsindikiza bibi harusi kwenye gari. Mapafu alikuwa juu ya paa, peke yake na tangi, na mfuko wa vifaa miguuni. Tarumbeta lilikuwa humo. Angeliacha wapi, na mashangazi walikuwa wamefungua mpaka kabati lake wakitafuta pini?

Alikuwa akichungulia chini kwa jicho moja aliposikia tangi likitoa mlio kama mtu anayesafisha koo. Ule mpira wa baiskeli alioufunga mwenyewe kwenye kiungo, baina ya tangi na koki, ulikuwa umechoka. Palikuwa mahali pabaya kupita pote, maana koki ilikuwa mbele ya kiungo hicho, na kufunga koki kusingezuia kitu. Mpira ukaachia. Maji yakaruka kuelekea ukingo wa paa, na chini ya ukingo ule ndipo turubai lilipoishia na mlango wa jengo ulipokuwa. Mapafu akajitupa akaziba kwa viganja viwili. Maji yakatulia, yakabaki yakichirizika katikati ya vidole vyake.

Wakati huohuo Mama Kijiko alitokeza juu ya ngazi na sahani ya chakula, amevaa gauni la hariri aliloazimwa na mteja wake. Kabla hajasema neno, chini bendi ikaanza.

Ngoma ziliingia vizuri. Kisha yule mzee wa kuazima akainua tarumbeta, akapuliza, na kilichotoka kilikuwa sauti ya birika. Akajaribu tena. Birika likachemka zaidi. Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka kwa sababu wa kwanza amecheka, na kicheko kikatambaa uani kama moto wa majani makavu. Mzee wa watu alishusha tarumbeta akafuta midomo, macho yakatafuta pa kwenda.

Mlangoni bibi harusi alikuwa amesimama, mkono wake ndani ya mkono wa baba. Hakuendelea mbele. Mapafu hakuweza kuona uso wake akiwa juu vile, aliona tu shela likianza kutetemeka mabegani. Aliona pia Refa akigeuza kichwa huku na huku akiangalia umati unaocheka, mgongo wake umekakamaa, kama mtu aliyekujua kucheka kule kwa miaka thelathini na hakutegemea kwamba kungemfuata binti yake mpaka mlangoni.

"Mama Kijiko," Mapafu akasema, "njoo ushike hapa."

Mkewe alielewa kabla hajamaliza. Akatazama bomba. Akatazama gauni la watu. Akatazama mfuko wa vifaa.

"Ukipiga tumehama," alisema.

"Najua."

Alivuta pumzi moja, na nadhani ndani ya pumzi ile walipita Kijiko, gereji ya mabasi na ukuta unaotoa jasho. Halafu akaweka sahani chini, akapiga magoti kwenye maji na hariri yake, akaingiza viganja vyake pale viganja vya mumewe vilipotoka. "Basi piga ya kuhamia," akasema. "Usipige ya kitoto."

Mapafu alisimama ukingoni mwa paa, amelowa mpaka soksi. Wako wanaosema siku hiyo njiwa wa mji mzima waliruka kwa pamoja, na kwamba kule jijini kuna mtu alisimamisha gari akidhani anaitwa. Sibishani nao. Ninachojua ni kwamba sauti iliteremka juu ya uwanja ule kama kitambaa kipya kinachokunjuliwa, na kicheko kikazimika. Kapteni hakushangaa. Alinyoosha mkono tu kwa wapiga ngoma, wakaufuata wimbo wa juu. Yule mzee asiye na meno akavua kofia.

Bibi harusi aliinua uso akaangaza juu, kisha akacheka, akaanza kutembea. Refa naye aliinua uso. Refa hahitaji kuambiwa mpira umetoka wapi.

---

Alimfikisha binti garini, akamwambia jambo dirishani, gari likabaki linangoja. Kisha akapanda ngazi zote, na suti yake, na pumzi zake za mtu mzima. Mapafu alimwona akitokeza, akashusha tarumbeta.

Aliangalia mpira wa baiskeli unaoelea kwenye dimbwi. Aliangalia spana. Akamwangalia Mama Kijiko aliyekuwa amekumbatia bomba, nywele zimemganda usoni.

"Wewe ni nani hasa?" alimuuliza Mapafu.

"Mpiga tarumbeta, mzee."

"Na mabomba yangu?"

"Nimejifunzia humuhumu kwako."

"Uongo ni wangu, mzee," Mama Kijiko alidakia. "Huyu hajui kusema uongo. Angejua, asingepiga."

"Sikukuuliza wewe. Wewe nina swali lako." Refa alimsogelea. "Mmeshajulikana. Huna la kulinda tena. Kwa nini hujaachia hilo bomba?"

Mama Kijiko alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inalowesha. "Gari liko chini, mzee. Nikiachia, yanamwagikia bibi harusi."

Refa alivua koti, akalikunja, akatafuta mahali pakavu hakupaona, akalivaa tena. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ileile ya kutoa hukumu. Kesho ataleta fundi bomba wa kweli. Kodi itarudi kuwa kamili kama ya wengine, hakuna cha theluthi. Tarumbeta halitapigwa ndani ya geti, wala kabatini, maana ile hewa ya kwenye mabomba hakuiamini hata siku moja, alikosa tu ushahidi.

"Tutalipa, mzee," Mama Kijiko akasema harakaharaka. Hakujua watalipa kwa pesa gani, lakini alisema.

"Sijamaliza. Mkataba nitaandika kwa jina lako wewe. Nataka mpangaji asiyeachia."

Kisha akapiga magoti kando yake, na suti yake ya harusi, akaweka mikono yake minene juu ya mikono ya Mama Kijiko. Alikuwa ameshika vibaya, kwa hiyo maji yakapenya yakamrukia usoni, na hakujifuta.

"Wewe," akamwambia Mapafu bila kugeuka, "shuka. Nenda kampigie mpaka gari litoke getini."

"Nawe, mzee? Hutashuka kumuaga?"

"Nimeshamuaga. Wewe piga. Piga kwa nguvu."

"Kiasi gani, mzee?"

Mabega yake yalikuwa yameanza kwenda juu na chini.

"Nisisikike," akasema.

Mapafu alishuka ngazi mbili mbili. Alijipenyeza uani katikati ya watu mpaka ubavuni mwa gari, maji yakimtiririka kwenye viatu vya kung'aa, akavuta pumzi ambayo hakuwahi kuvuta tangu azaliwe, akapiga. Watoto waliziba masikio. Kijiko, mabegani mwa mjomba wake, alikuwa akipiga makofi nje ya mapigo. Gari likajongea, shela likapunga dirishani kuelekea juu, na watu wote wakageuka kutazama.

Juu ukingoni walionekana vichwa viwili vilivyolowa. Kimoja kilikuwa kimeinama juu ya bomba, kikitikisika, na uani wakasema masikini mzee wa watu, maji yamempiga sana. Mapafu hakuwasahihisha, midomo yake ilikuwa na kazi. Kichwa cha pili kilikuwa cha mkewe. Mikono yake ilikuwa palepale kwenye bomba, lakini uso alikuwa ameugeuzia upande wa pili, kwenye mapaa ya majirani, kama mtu mwenye adabu aliyepita karibu na mwenzake anayeoga.